Kabla hujanunua globu kali, jua mwanga wako unakwenda wapi

Swali limetoka kwa kijana anayeendesha Toyota Probox ya mwaka 2006. Nalifupisha: "Shikamoo fundi. Nabeba nyanya kutoka Ilula kwenda Morogoro, naondoka usiku ili niwahi soko la alfajiri. Taa zangu ni za globu za kawaida za halojeni. Nikishuka mlima Kitonga na kuvuka hifadhi ya Mikumi nahisi kama nimewasha mishumaa. Cha ajabu, ninaokutana nao wananipigia fulu wakidhani na mimi nimewasha fulu, wakati niko dimu. Nikirudi na gari tupu hawanisumbui sana. Dukani wamenipa chaguo tatu: globu za wati 100, seti ya zenoni, au LED ambazo boksi lake limeandikwa lumeni 20,000. Nichukue ipi?"

Marahaba, kijana wangu. Usitoe hela kwanza. Rudi kwenye maneno yako mwenyewe: ukiwa na mzigo wanakupigia fulu, ukirudi tupu hawakusumbui. Umeyaandika kama jambo la pembeni, lakini jibu limo humo. Kama wewe huoni barabara na anayekuja mbele anaumia macho, basi mwanga upo ila unakwenda pasipo barabara. Ukiweka globu kali leo, wewe utaendelea kuona vilevile, na dereva wa lori anayepanda Kitonga ndiye atakayepofuka. Lori lenye dereva aliyepofuka kwenye kona zile linakujia wewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Tufanye hesabu ya nyanya. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, Probox ina kama mita mbili na nusu. Ukipanga matenga nyuma, springi zikabonyea sentimita 5, gari lote linainua pua kwa asilimia 2. Taa ya dimu iliyopangwa vizuri huwa imeinama kwa asilimia 1 tu, yaani kila mita 10 mbele mwanga unashuka sentimita 10. Toa 2 kwenye 1: sasa mwanga wako unapanda kwa asilimia 1. Mita 50 mbele, ule mstari wa juu wa dimu umepita nusu mita juu ya kimo cha taa zako, na hapo ndipo yalipo macho ya dereva wa gari dogo anayekuja. Lami iliyo mita 50 mbele yako, uliyotegemea uione, inabaki na mabaki ya mwanga. Sentimita 5 za springi ndizo zinazokufanya uhisi umewasha mishumaa, na ndizo zinazowafanya wenzako waamini umewasha fulu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza iko nyuma ya gari. Pima kwa futi kutoka ardhini hadi ukingo wa matao ya magurudumu ya nyuma, gari likiwa tupu, kisha likiwa na matenga yote. Andika tofauti. Ikizidi sentimita 5 au 6, huenda springi zako zimechoka au unabeba kupita kiasi, na hakuna globu duniani itakayorekebisha hilo. Halafu angalia kwenye dashibodi kama kuna kitufe cha kuzungusha chenye namba, sifuri kwenda juu. Magari mengi yaliyotoka Japani yanacho, na nimeingia kwenye magari ya watu waliokaa nayo miaka kumi bila kujua kazi yake. Kazi yake ni hiyo hiyo: sifuri kwa gari tupu, namba kubwa kwa mzigo, na taa zinainama. Kama kipo, kijaribu ukiwa mbele ya ukuta uone kama mwanga unashuka kweli. Mara nyingi mota ndogo nyuma ya taa imekufa upande mmoja, na taa moja inashuka peke yake.

Sasa tuje kwenye umeme, maana hapa ndipo mwanga mwingi unapotea bila mtu kuona.

Globu yako inaitwa H4. Ilianza kutumika mwaka 1971, na ilikuwa globu ya kwanza ya halojeni kuwa na nyuzi mbili za kuwaka ndani ya kioo kimoja, moja ya dimu na moja ya fulu. Ni wati 55 kwa dimu na 60 kwa fulu, na kiwango chake ni kama lumeni 1,000 kwa dimu na 1,650 kwa fulu (lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye globu). Hizo namba hupimwa globu ikilishwa volti 13.2. Kumbuka hiyo 13.2, maana globu ya uzi ni mlaji mwenye deko: volti ikipungua kwa asilimia 10, mwanga haupungui kwa 10, unapungua kwa karibu 30. Uzi ukipoa kidogo tu unakuwa wa njano, kisha wa rangi ya chungwa, na ule mwanga mweupe unaofika mbali ndio wa kwanza kuondoka.

Gari moja nililolipima miezi iliyopita, Toyota ya umri kama wa gari lako, lilikuwa na malalamiko hayo hayo. Injini ikiwa inaunguruma na taa zimewashwa, kwenye vichwa vya betri nilisoma volti 13.9. Nikachomeka ncha za mita nyuma ya soketi ya globu, globu ikiwa inawaka ndani yake, nikasoma 12.1. Volti 1.8 zimeliwa njiani. Ukipiga hesabu, ile globu ilikuwa inatoa kama asilimia 62 ya mwanga ambao ingetoa kama ingepata volti zote za betri. Mwenye gari alikuwa ameshabadilisha globu mara mbili.

Nikataka kujua zinaliwa upande gani. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye negative ya betri na nyingine kwenye waya wa globu unaorudi bodini. Kama njia ya kurudi ni safi, mita inasoma karibu na sifuri. Ilisoma 0.9. Nikafuata waya hadi kwenye bolti ya athi, pale waya wa kurudi unapofungwa bodini, karibu na taa ya mbele. Nilipoifungua, chini ya kichwa cha waya kulikuwa na unga wa kutu wa rangi ya kahawia uliokaa kama ugoro, na juu yake rangi ya fundi wa bodi aliyepiga rangi bila kuifungua ile bolti. Msasa, brashi ya waya, grisi kidogo juu baada ya kukaza. Ile 0.9 ikashuka hadi 0.1. Mwanga ukapanda kutoka asilimia 62 hadi kama 78, na hakuna kitu chochote kilichonunuliwa. Nilimwita mwenye gari asimame ukutani, nikawasha, akaniuliza nimeweka globu gani.

Unapopima, pima globu ikiwaka. Nawasihi hata mafundi wenzangu juu ya hili. Ukichomoa soketi ukapima mdomo wake mtupu, mita itakuonyesha volti zote hata kama waya umebaki na nyuzi tatu tu zisizokatika, kwa sababu mita hainywi umeme. Waya mbovu unajulikana ukiwa umebeba mzigo.

Volti zilizobaki kuliwa huwa ziko kwenye swichi na kwenye waya mwembamba uliotoka kiwandani, unaosafiri kutoka betri hadi dashibodi, ukapita kwenye swichi ya mkono wa indiketa, ukarudi mbele kwenye taa. Dawa yake ni rilei, yaani swichi ndogo inayoamshwa kwa umeme kidogo ili ipitishe umeme mwingi. Badala ya umeme wa taa kupita mzunguko wote huo, unauvuta waya mnene wa milimita 2.5 za mraba kutoka betri, unaupitisha kwenye fyuzi ya ampea 20 iliyo karibu kabisa na betri, kisha kwenye rilei ya ampea 30 au 40, moja ya dimu na nyingine ya fulu, hadi kwenye globu. Waya wa zamani unabaki na kazi ya kuamsha rilei tu, kazi isiyofika hata nusu ya ampea. Athi nayo iwe waya mnene, irudi kwenye betri au kwenye bodi iliyokwanguliwa hadi chuma cheupe. Ila kwanza fungua boksi la fyuzi uone kama gari lako halina rilei ya taa tayari. Kama ipo na volti zinafika vizuri, huna haja ya nyingine.

Kuna mtego kwenye Toyota, na nimeona watu wakitupa seti nzima ya waya kwa kutoujua. Toyota nyingi hazikatii positive ya taa, zinakatia negative. Ile positive inafika kwenye globu kwa pamoja, na swichi ya dimu na fulu inachagua uzi upi urudishwe bodini. Ukinunua seti ya waya na rilei iliyotengenezwa kwa ajili ya magari yanayokatia positive, utakuta fulu haifanyi kazi, au ile taa ya buluu kwenye dashibodi inawaka wakati haitakiwi. Namna ya kujua: washa dimu, pima waya tatu za soketi moja baada ya nyingine, ncha ya pili ya mita ikiwa bodini. Zikisoma volti za betri waya mbili na moja ikawa karibu na sifuri, gari lako linakatia negative. Ikisoma waya moja tu, linakatia positive. Mwambie fundi hivyo kabla hajakata hata waya mmoja.

Sasa globu za wati 100. Hizi nazikataa, na nina sababu yangu binafsi. Miaka mingi nyuma niliziweka kwenye Hilux niliyokuwa nikisafiria, 100 kwa 90, bila rilei. Siku za kwanza nilifurahi sana. Wiki ya tatu hivi, usiku, nateremka na abiria watatu, taa ya kushoto ikazimika, na harufu ya plastiki iliyoungua ikaingia ndani ya gari. Nikasimama, nikafungua boneti. Soketi ilikuwa imebadilika kutoka nyeupe kuwa kahawia, imejikunja kama ngozi iliyoanikwa juani, na pini moja ya globu imezama ndani ya plastiki iliyoyeyuka hata haikutoka. Nilimalizia safari kwa taa moja, nyuma ya lori, kwa mwendo wa lori. Hesabu yake ni rahisi: globu mbili za wati 60 zinakunywa kama ampea 10, mbili za wati 100 zinakunywa karibu ampea 17, na waya, swichi na soketi ni zile zile. Hata ukiweka rilei na waya mnene, joto bado lipo. Globu ya halojeni inageuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto, na taa ya Probox ni plastiki tupu. Rangi ya fedha ya rifleta, lile bakuli linalong'aa ndani ya taa na kurusha mwanga mbele, inaungua juu ya globu, inakuwa kama kioo kilichopuliziwa moshi, na baada ya hapo hata globu nzuri haitakusaidia.

Tuzungumze juu ya rifleta, na uelewe globu imekaaje humo ndani, ndipo utajua kwa nini zenoni na LED zinawasumbua watu. Chukua globu yako kuukuu ya H4, ishike kwenye mwanga, chini ya chuma, usiguse kioo. Utaona uzi wa fulu uko katikati peke yake. Mbele yake kuna uzi wa dimu, na chini ya huo uzi wa dimu kuna kijiko kidogo cha chuma. Kijiko kile ndicho kinachotengeneza dimu. Kinazuia mwanga usiende nusu ya chini ya rifleta, kwa sababu nusu ya chini ndiyo ingeurusha juu machoni mwa watu. Upande mmoja wa kijiko umekatwa kwa mshazari kidogo, na mkato ule ndio unaochora ule mwinuko wa mwanga upande wa kushoto wa barabara, unaokuonyesha mtembea kwa miguu na mwendesha baiskeli bila kumuumiza anayekuja kulia kwako. Ncha ya kioo imepakwa rangi ili mwanga usitoke moja kwa moja mbele bila kupita kwenye rifleta. Uzi wenyewe una urefu wa milimita chache, na rifleta imefinyangwa kwa kuamini kwamba mwanga unatoka pale tu. Ukisogeza chanzo cha mwanga hata milimita moja, picha iliyo ukutani inaharibika.

Seti ya zenoni inavunja utaratibu huo wote. Mwanga wake unatoka kwenye cheche kati ya ncha mbili, ndani ya kioo cha umbo jingine, na kwa H4 hutumia sumaku kusogeza globu nzima mbele na nyuma ili ipatikane dimu na fulu. Baada ya miezi ya vumbi na matuta sumaku ile inakwama, na mara nyingi inakwama kwenye fulu. Magari yanayotoka kiwandani na zenoni yana taa zilizobuniwa kwa ajili yake, na sheria za Ulaya zinadai taa yenye chanzo cha zaidi ya lumeni 2,000 iwe na mtambo wa kujishusha yenyewe gari likibeba mzigo, pamoja na maji ya kuosha kioo cha taa. Walielewa kwamba mwanga mwingi kwenye gari lililoinua pua, au nyuma ya kioo chenye tope, ni hatari. Gari lako halina vyote viwili, na wewe unabeba nyanya. Zenoni achana nayo.

LED nazo zimepiga hatua, na sitaki nikudanganye kwamba zote ni mbaya. Ujerumani, tangu mwaka 2020, wameruhusu aina chache za globu za LED ziwekwe mahali pa halojeni, kwa modeli za magari zilizopimwa na kuorodheshwa moja moja. Maana yake inawezekana, lakini inategemea globu ile na taa ile, sanduku haliwezi kukuambia. Hizo lumeni 20,000 hazipo. LED ya kweli ya aina hii hutoa takribani lumeni 100 kwa kila wati. Mwambie muuzaji aiwashe kwa betri, mita ya ampea ikiwa katikati. Ikivuta ampea 2 kwa volti 13, hiyo ni wati 26, na lumeni zake ni kama 2,600 kwa matumaini makubwa. Nyingi zinavuta chini ya hapo. Kisha joto la LED haliendi mbele kama la halojeni, linarudi nyuma kwenye feni ndogo, na fundi akishalazimisha ule mpira wa kuzuia vumbi urudi mahali pake, feni inakosa hewa. LED ikipata moto inajipunguza mwanga yenyewe. Unaiona kali dukani kwa dakika tano, na baada ya saa moja ya safari imekuwa kitu kingine.

Ukiamua kuijaribu LED licha ya hayo, chagua yenye ubao mwembamba kabisa, chipu zake ziwe ndogo na zikae pale pale nyuzi zilipokuwa, na zikiwekwa kwenye taa zitazame kushoto na kulia, si juu na chini. Halafu ukuta ndio uamue. Weka halojeni upande mmoja na LED upande wa pili, simama mita 10 kutoka ukutani, linganisha. Kama mstari wa juu wa LED umefifia na kuna mwanga unaomwagika juu yake, itoe urudishe dukani. Usikubali kuambiwa itazoea. Kuna udanganyifu mwingine wa macho unaouza LED nyingi: zinamimina mwanga mwingi mita 5 hadi 15 mbele ya boneti. Lami ya karibu inang'aa kama ukumbi wa harusi, dereva anafurahi, kumbe mboni za macho yake zimejifunga kwa sababu ya mwangaza ule wa karibu, na kule mita 60 anaona kidogo kuliko mwanzo.

Kwa hiyo globu ya kununua ni ipi? H4 ya halojeni ya wati 60 kwa 55, mpya, ya kampuni inayoaminika kama Philips au Osram, na ununue kwa mtu unayeweza kumrudia, kwa sababu za bandia zimejaa. Zote mbili zibadilishwe pamoja. Globu zenye alama za kuongeza asilimia 30, 50, 100 na zaidi ni halali na zinasaidia, lakini uelewe zinachosema. Hazina mwanga wa jumla maradufu, maana wati na lumeni zao zinabaki ndani ya kiwango kile kile. Uzi wao umefinywa ukawa mdogo na wa moto zaidi, kwa hiyo mwanga unakusanyika vizuri zaidi pale mbali barabarani, na ile asilimia hupimwa hapo, ikilinganishwa na kiwango cha chini kabisa cha sheria. Gharama yake ni uhai mfupi. Kwa mtu anayeendesha usiku kucha mara kadhaa kwa wiki, ile ya kuongeza 30 au 50 inatosha, zilizo juu ya hapo zitakuwa zinakufia njiani. Zile zenye kioo cha buluu zipite kabisa. Ule ubuluu ni kichujio: globu inatoa mwanga, kioo kinaukata, na wewe unalipia zaidi upate pungufu. Hakikisha pia alteneta haichaji zaidi ya volti 14.5 au karibu na hapo, kwa sababu volti ikizidi kwa asilimia 5 tu, uhai wa globu hukaribia kukatika nusu.

Kabla ya kuzifunga, angalia kioo cha taa. Gari la mwaka 2006 lililoanikwa juani miaka yote hii huwa na plastiki ya njano, imekwaruzika, ina ukungu. Dawa ya meno inayosifiwa sana huondoa ukungu kwa wiki chache, kisha unarudi mbaya zaidi, kwa sababu umekwangua ile ngozi ya kuzuia jua na hukurudisha nyingine. Kazi ya kudumu ni msasa wa maji namba 800, kisha 1,500, 2,000, na 3,000 kama unaupata, kisha polishi, kisha klia ya rangi yenye kinga ya jua. Hiyo klia usiiruke. Halafu mulika tochi ndani: kama fedha ya rifleta imefifia au imebanduka, hakuna polishi itakayofika huko, badilisha taa nzima. Ukinunua taa ya mtumba, iwe iliyotoka kwenye gari la Japani. Japani wanapita kushoto kama sisi. Taa zilizotoka kwenye magari ya Dubai zimetengenezwa kwa nchi wanakopita kulia, na ule mwinuko wa mwanga niliokueleza uko upande wa kulia, yaani machoni pa kila unayekutana naye. Ndiyo shida ile ile wanayoipata wenzetu wa Rwanda, Burundi na Kongo wanapoendesha magari ya Japani kwenye barabara zao.

Mwisho wa kazi ni kupanga taa, na kwako ni lazima ufanywe na mzigo. Pakia matenga kama unavyopakia siku ya safari, upepo wa matairi uwe sawa, kaa mwenyewe kwenye kiti au mtu wa uzito wako. Tafuta sakafu tambarare mbele ya ukuta, gari liwe mita 10 kamili kutoka ukutani na limenyooka. Pima kutoka ardhini hadi katikati ya globu, uchore mstari wa chaki ukutani kwa kimo hicho hicho, kisha mstari wa pili sentimita 10 hadi 13 chini yake. Washa dimu, ziba taa moja kwa kitambaa, zungusha skrubu ya juu na chini hadi ule ukingo bapa wa mwanga ukae kwenye mstari wa pili. Mwinuko uanzie mbele ya katikati ya taa na uelekee kushoto. Fanya upande wa pili. Kama una kile kitufe cha namba, panga gari likiwa tupu kwenye sifuri, kisha lipakie na utafute ni namba gani inarudisha mwanga kwenye mstari. Iandike kwenye kipande cha tepu ubandike karibu na kitufe. Kama huna kitufe, panga ukiwa na mzigo, na ukirudi tupu utaona karibu kidogo. Kosa hilo ni dogo kuliko lile jingine.

Taa za ziada za mbele, spotilaiti, zina nafasi yake pale Mikumi usiku ambapo barabara ni nyeupe hakuna anayekuja. Ziunganishwe na fulu ili ukirudi dimu nazo zizimike zenyewe. Sitazungumza zaidi juu yake, hazikuwa swali lako.

Lakini mwendo lazima niuguse. Dimu iliyopangwa vizuri inakuonyesha kitu cheusi kama mita 50 au 60 mbele. Kwa kilomita 80 kwa saa, sekunde moja na nusu ya kushtuka inakula mita 33, na breki nzuri kwenye lami kavu zinakula nyingine 35. Jumla 68, zaidi ya unachokiona. Mikumi inayokatwa na barabara ile ina nyati na tembo, wana rangi ya giza lenyewe, na dimu inawapiga miguuni tu kwa sababu juu ya kimo cha taa hakuna mwanga. Unaona nguzo nne za kijivu ukishakuwa karibu mno. Ukiwa dimu ndani ya hifadhi, shuka hadi 50. Najua soko la alfajiri linakusubiri. Ondoka Ilula saa moja mapema zaidi.

Ukienda kwa fundi, anza na namba tatu: volti kwenye betri, volti nyuma ya globu ikiwaka, na sentimita ambazo nyuma ya gari inabonyea na mzigo. Tofauti ya volti ikiwa chini ya nusu, usiguse waya, nenda moja kwa moja kwenye kioo na ukuta. Ikizidi moja, anza na bolti za athi. Na globu mpya uzishike kwa kitambaa safi, maana mafuta ya kidole kwenye kile kioo yanaungua na kukipasua. Ukikigusa kwa bahati mbaya, kifute kwa spiriti kabla hujawasha. Akiba yako iwe globu moja ya ziada ndani ya boksi lake kwenye droo ya dashibodi, pamoja na tochi ya kuifungia.